Nimetoa boksi la fyuzi la marehemu mzee, nimefunga breka mpya. Sasa umeme unakata kila alfajiri. Nirudishe fyuzi?

#1 Mrithi wa Sinza
Wakuu salaam. Nyumba iko Sinza, mzee aliimaliza mwaka 1978, kipindi kile cha viwanja vya mradi. Koridoni kulikuwa na boksi la fyuzi la rangi ya kahawia, mgongo wa mbao, vishikio sita vyenye nukta za rangi: viwili vyeupe, viwili vya bluu, viwili vyekundu. Sisi wote tumezaliwa tumelikuta. Mwezi uliopita kishikio kimoja chekundu kiliungua, kikavimba kama andazi lililozidi hamira, nikasema sasa basi. Fundi akaja, akang'oa, akafunga mein swichi ya njia 8 na breka ndogo ndogo, pamoja na ile kubwa yenye kitufe cha T. Kazi ya nusu siku, laki tatu na themanini na vifaa vyake.

Tangu siku ya tatu breka kubwa inashuka kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri. Si kila siku, ila wiki haiishi bila mara nne. Ndogo zote zinabaki juu. Ukiipandisha inakubali na inakaa mpaka kesho. Mke wangu anauza ubuyu wa barafu kwa watoto wa shule, juzi friza imeyeyuka, ndoo mbili tumemwaga. Mama ana miaka 79, kila asubuhi ananikaribisha na neno moja: "Enzi za baba yenu umeme haukuwa na tabia hii."

Boksi la zamani bado ninalo kwenye kiroba. Nirudishe, au kuna mahali nimepigwa?

#2 Testa Butu
Umepigwa. Nimekaa paleee na kashata zangu.

#3 Dada Uniti
Breka feki hiyo. Kariakoo zimejaa, zinafanana na za kweli mpaka maandishi. Nunua nyingine kwenye duka linalotoa risiti, badilisha, kalale.

#4 Fundi Plaizi
Mkuu, pole na friza. Kabla hujanunua wala kurudisha chochote nijibu haya. Ukibonyeza T inashuka? Rodi ya ethi umeiona kwa macho au umeambiwa ipo? Waya wa ndani ya kuta ni mwekundu na mweusi, au kahawia na bluu? Na huyo fundi alipima kwa mega, au alipima kwa testa na maneno?

#5 Mrithi wa Sinza
T inashuka vizuri. Rodi ipo nyuma ya bafu la uani, kichwa kimejaa kutu, waya wake unachezeka kwa kidole. Waya ni mwekundu na mweusi, wa kijani upo kwenye soketi tu, kwenye taa haupo. Mega siijui. Alikuwa na testa, ameiweka sikioni kama kalamu ya seremala.

#6 Testa Butu
Testa sikioni! Kishoka wa daraja la kwanza huyo.

#7 Fundi Plaizi
Sasa tuelewane. Breka kubwa hiyo haihesabu mzigo, hilo wengi wanakosea. Yenyewe inalinganisha umeme unaotoka kwenye waya wa moto na umeme unaorudi kwenye nyutro. Kama kilichorudi ni pungufu ya kilichotoka, maana yake kingine kimepita njia ya panya: ukutani, ardhini, au mwilini mwa mtu. Upungufu ukifika miliampu 30 lazima ikate, na kiwango chake kinairuhusu ikate kuanzia 15. Kwa hiyo ukiona inashuka kwa 20 usiseme mbovu, iko sawasawa.

Fyuzi za mzee wako hazikuwa na jicho hilo. Waya ulikuwa unavuja tangu nyinyi mko shule ya msingi, hakuna aliyeambiwa. Breka mpya haijaleta ugonjwa, imekuja na kipimo. Pima waya kwa mega, kile kipimo kinachoonyesha kama gamba la waya linavuja, volti 500, kila laini peke yake. Ikisoma chini ya megaomu 1, hapo ndipo pa kuanzia.

Halafu fundi ajaye aje na leseni ya EWURA mkononi. Akisema ameisahau nyumbani, mrudishe akaichukue.

#8 Mzee Kibatari
Fundi Plaizi naheshimu maelezo yako ila tusiwatukane marehemu. Nimefanya kazi ya umeme kuanzia 1971 mpaka nilipostaafu. Boksi lile la mgongo wa mbao likitiwa waya wake halali ni kifaa cha maana kabisa. Halina springi ya kuchoka. Halina feki, nani atakaa aghushi kipande cha waya? Kila nyumba ilikuwa na kadi ya waya wa fyuzi imening'inia kwenye msumari: wa ampia 5 unene wake 0.2 mm, wa 15 nusu milimita, wa 30 ni 0.85. Fyuzi ikikatika unaijua kwa macho: imeyeyuka katikati, mzigo umezidi kidogo, imepasuka na kupaka masizi kila mahali, hiyo shoti. Breka ikishuka inakuambia nini? Imeshuka tu, imekununia.

Kilichoharibu sifa ya fyuzi ni binadamu. Nimekuta msumari. Nimekuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kuna nyumba moja Magomeni nilikuta kipande cha spoku ya baiskeli, na mwenye nyumba anajisifu kuwa tangu aiweke fyuzi haijakatika tena.

#9 Omu Kumi
Shikamoo Mzee Kibatari. Spoku ya baiskeli nimecheka mpaka mwenzangu wa bweni kaamka. Ila hata waya halali una tatizo lake. Ule wa 30 hauyeyuki ukifika 30, unabeba hiyo kutwa nzima. Ili ukatike upesi unahitaji karibu mara mbili yake.

Halafu chukua friji iliyopigwa shoti kwenye bodi, lile gamba lake la chuma. Huku kwetu kila nyumba inategemea rodi yake. Tuseme rodi ni nzuri, ina omu 20. 230 gawanya kwa 20 unapata ampia 11 na nusu. Fyuzi ya 30 hata haijui kuna jambo, fyuzi ya 15 pia inatulia. Bodi ya friji inabaki na umeme siku nzima ikimsubiri mtoto atoke kuoga aje achukue maji. Na rodi ya mleta uzi inayochezeka kwa kidole sidhani kama ni omu 20.

#10 Mzee Kibatari
Marahaba. Hesabu sawa. Ndiyo maana tulikuwa tunavaa ndala jikoni.

#11 Bin Kisosora
Hapo #1 watu wameruka jambo. Kishikio kiliungua, fyuzi haikukatika. Kwa nini? Huku Tanga nimeona nyingi, na sababu ni chumvi ya hewa. Ile kopa inayoshikana na kopa inaota kutu ya kijani, kibano kinalegea, umeme unapita kwa taabu, pale panachemka. Waya wa fyuzi mzima, mzigo wa kawaida, boksi linaungua. Wala usilaumu jiko.

#12 Dada Uniti
@Bin Kisosora Sinza iko mbali na bahari bwana. Huyo atakuwa na jiko la umeme la plate nne na birika na pasi kwa pamoja.

#13 Mrithi wa Sinza
Nyote subirini. Nimekwenda kufungua kiroba. Kile kishikio chekundu kilichovimba nimekibandua kwa bisibisi, ndani hamna waya wa fyuzi. Kuna nyuzi nyuzi za waya wa pasi zimesokotwa, nimezihesabu kumi na moja, zimefungwa kwa ustadi kabisa, ncha zimekunjwa. Huo mkono naujua. Mzee alikuwa anafunga hivyo hivyo hata kamba za mbuzi. Nilikuwa namshikia tochi, akiniambia "usitikise."

Chini ya kiroba na kadi ipo, Mzee Kibatari. Wa 5 umebaki kama nusu mita, wa 15 kidogo, wa 30 umeisha.

Vibano pia vina kijani kama alivyosema Bin Kisosora. Na jiko la plate nne tunalo, dada. Kwa hiyo sijui nani ameshinda.

#14 Mzee Kibatari
Wa 30 uliisha dukani akaazima kwenye pasi. Kila mtu alifanya. Mungu amrehemu.

#15 Mama Njiti
Mimi nyumba yetu ya Moshi, pale Soweto, ilikuwa na boksi la hivyo hivyo nyuma ya kabati la vyombo. Wiki nzima jikoni panatoa harufu ya samaki aliyechacha. Nikamsingizia paka. Nikamfukuza paka. Nikatoa kabati, nikapiga deki kwa dawa, harufu ipo. Jioni nikiwasha jiko inazidi. Shemeji yangu kuja kula siku ya Jumapili akanusa mara moja tu akasema zima umeme. Kufungua boksi, kishikio cheusi ti, na ukuta nyuma yake wa moto kama kikaango. Zile plastiki za zamani zikipata joto hunuka samaki, akatuambia. Mwenye harufu ya samaki nyumbani na hajala samaki aangalie ukutani.

#16 Testa Butu
Paka alirudi?

#17 Mama Njiti
Hakurudi. Yuko kwa jirani mpaka leo, akiniona anageuza shingo.

#18 Dada Uniti
Mleta uzi, njia rahisi bila mega: usiku zima breka ndogo zote acha moja. Kesho nyingine. Ile itakayoangusha kubwa ndiyo mbovu.

#19 Fundi Plaizi
Dada, hapo utamzungusha wiki nane bure. Breka ndogo inakata waya wa moto peke yake. Nyutro zote zinabaki zimeungana kwenye baa, kile kipande cha shaba cha ndani ya boksi. Kama kuna nyutro inayogusa ethi ukutani, unaweza kuzima ndogo ya laini hiyo na kubwa ikashuka vilevile mara mzigo wa laini nyingine unapofanya kazi. Lazima nyutro zitolewe moja moja, na hiyo si kazi ya mwenye nyumba na kisu cha mezani.

#20 Omu Kumi
Mimi nashuku friji. Zile zisizogandisha barafu zina kihita nyuma kinachoyeyusha barafu kila baada ya saa kadhaa. Kihita kikiingia maji kinavuja, kwa hiyo breka inashuka saa zilezile. Muda wa alfajiri unaingia.

#21 Mrithi wa Sinza
Friza ya biashara ni ile ya kulala, barafu tunakwangua wenyewe. Ila friji ya jikoni ni ya aina unayosema. Leo naichomoa.

#22 Buruburu Kona
Hamjambo majirani. Hapa Nairobi nyumba zetu ni za miaka ya 70, hadithi ni moja. Tulitoa sanduku la fyuzi, tukaweka DB mpya, stima ikawa inapotea kila saa kumi na moja asubuhi. Tulibadilisha breka mara mbili, pesa imeenda. Kumbe ni shawa ya umeme. Kile kikoili cha ndani kilikuwa kimepasuka, mtu akioga stima inavujia kwa maji. Na hapo awali tukioga tulikuwa tunahisi kama sisimizi vidoleni tukishika bomba, tukidhani ni baridi. Miaka, maze. Mnaoga saa ngapi huko?

#23 Mrithi wa Sinza
Maji ya kuoga tunachemsha kwa gesi. Friji imechomolewa jana, leo saa 10:35 imeshuka. Omu Kumi samahani.

#24 Testa Butu
Kiwanja kilikuwa na mbuyu? Nauliza tu.

#25 Jongoo wa Tudor
Nyumba ya babu hapa Mombasa ilikuwa mbaya zaidi ya hiyo, wallahi. Ilijengwa kabla ya uhuru, na boksi lake lina fyuzi mbili kwa kila laini, moja ya moto na moja ya nyutro. Walidhani ndiyo usalama. Basi fyuzi ya nyutro ikatangulia kukatika. Taa imezimika, binamu yangu akaona hamna umeme, akapanda ngazi kubadilisha kishikio cha balbu. Waya wa moto uko hai vilevile, umekosa tu pa kurudia. Ulirudia kwake. Alianguka juu ya kitanda cha kamba, hicho kitanda ndicho kilichomwokoa. Mwenye boksi la namna hiyo, fyuzi mbilimbili, asingoje liungue.

Na soketi zilikuwa za matundu ya duara, kila kifaa ukinunua wakata plagi.

#26 Msafiri wa Leicester
Huku Uingereza fyuzi za waya zimepigwa marufuku zamani. Nyumba niliyonunua ni ya miaka ya 1930, boksi liko chini ya ngazi, lenye mgongo wa mbao kama la mleta uzi. Fundi alipoliona alisema tangu 2016 lazima boksi la chuma. Nikalitoa.

#27 Mpangaji wa Leeds
@Msafiri wa Leicester fundi wako alitaka kazi. Marufuku hakuna. Ile kanuni ya Januari 2016 inahusu boksi jipya linalofungwa nyumbani: liwe la kitu kisichoshika moto, na wengi wanatumia chuma. La zamani likiwa zima hakuna anayekulazimisha. Kinachobana ni kwa wapangishaji wa England, kila miaka 5 nyumba ipimwe na ripoti itolewe. Mwenye nyumba wangu aliandikiwa "inapendekezwa kuboreshwa", akaiweka ripoti kwenye droo.

#28 Msafiri wa Leicester
Asante kwa kunirekebisha, nimeumia paundi zangu kimyakimya. Ila linapendeza.

#29 Mbongo wa Ohio
Marekani nyumba za zamani zina fyuzi za kioo za kuzungusha kama balbu. Ugonjwa wao ni sarafu: fyuzi ikikatika mtu anaweka senti moja nyuma yake, anairudisha, umeme unapita. Nilipokagua nyumba ya kununua mkaguzi alitoa fyuzi tatu, senti mbili zikadondoka. Akanipa, akasema hilo ndilo punguzo langu la bei. Kampuni ya bima ikagoma mpaka boksi libadilishwe.

#30 Testa Butu
Kwa hiyo wao senti, sisi waya wa pasi. Dunia ni moja.

#31 Dada Uniti
Turudi kwenye LUKU. Huo umeme unaovuja unakula uniti? Maana zangu zinaisha kama nina kiwanda.

#32 Omu Kumi
Ukivuja miliampu 20 mfululizo, mara 230 ni kama wati 4.6. Kwa mwezi haifiki uniti 4. Kiwanda chako kitafute kwenye pasi.

#33 Bin Kisosora
Mrithi, uani kuna mpangaji? Na umeme wake unatoka wapi?

#34 Mrithi wa Sinza
Yupo, chumba kimoja na choo. Dereva wa daladala. Umeme wake mzee aliuvuta zamani, sijui alivyouunga. Analipia kidogo kila mwezi.

#35 Dada Uniti
Haya! Nyutro ya kuazima hiyo. Anatumia moto wa laini moja na nyutro ya laini nyingine. Nimesoma mahali inaangusha breka.

#36 Fundi Plaizi
Inaangusha kama kuna breka kubwa mbili na nyutro imevuka kutoka moja kwenda nyingine. Huyu anayo moja, laini zote ziko chini yake, kuazimana hakuonekani. Isipokuwa moto wa uani umetokea juu ya breka kubwa, kwenye mita moja kwa moja, halafu nyutro ikarudishwa ndani kwenye baa. Hapo ndiyo, kila anachowasha kinaonekana kama kimevuja chote. Lakini angewasha pasi tu mnalala giza saa hiyohiyo.

#37 Bin Kisosora
Na kama hana pasi? Balbu ya wati 5 inavuta kama miliampu 22. Inaweza kuachwa. Akiwasha ya pili ya choo, jumla imepita 30. Mrithi, dereva wako anaamka saa ngapi?

#38 Mrithi wa Sinza
Wakuu nimesisimka. Anaamka saa 10. Gari la kwanza analitoa saa 11.

#39 Testa Butu
UZI UFUNGWE. Mpangaji ni jini.

#40 Mama Njiti
Msimwonee kijana wa watu kama nilivyomwonea paka.

#41 Mrithi wa Sinza
Mrejesho wa kwanza. Nilimwomba dereva alfajiri awashe kila kitu mbele yangu: taa ya chumbani, ya choo, chaja ya simu, redio. Breka imekaa kimya. Akazima, akawasha tena. Kimya. Kisha Jumatano akasafiri kwenda Mbeya kwenye msiba, kufuli mlangoni. Alhamisi saa 10:50 imeshuka. Ijumaa pia.

#42 Bin Kisosora
Taa ya choo aliizima alipoondoka?

#43 Mrithi wa Sinza
Ufunguo anao yeye. Kwa dirishani sioni mwanga.

#44 Fundi Plaizi
Mega, mkuu. Nimesema tangu #7.

#45 Mrithi wa Sinza
Jumamosi amekuja fundi mwingine, mwenye leseni, na mega yake. Kijana mpole, ameanza kwa kuzima na kuchomoa kila kitu mpaka kengele ya mlangoni. Nyutro ametoa moja moja. Amenisomea, nikaandika nyuma ya kalenda. Taa za ndani: megaomu 3. Soketi za vyumbani: 1.6. Jikoni: 0.4. Laini ya taa ya getini: 0.02.

Akafungua ile taa ya getini. Glopu imejaa maji robo, na humo ndani kuna mjusi amekauka, amejikunja kwenye waya kama amelala. Waya unaokwenda getini mzee aliufukia bila bomba, chini ya michongoma. Ule si waya wa plastiki, gamba lake ni mpira, ukilikunja linamomonyoka kama biskuti.

Laini ya getini ameikata kabisa. Rodi ya ethi amepigilia mpya. Jikoni amesema pangoje, patakuja kupigwa waya upya tukipata fedha.

#46 Dada Uniti
Mjusi! Nilisema taa ya nje.

#47 Testa Butu
Hukusema.

#48 Omu Kumi
0.02 ni omu elfu 20. 230 gawanya kwa hiyo ni miliampu 11.5. Peke yake haifiki 15. Kwa hiyo mjusi alikuwa na mwenzake.

#49 Mzee Kibatari
Umande. Kijana wa mega alipima mchana, waya mkavu. Alfajiri ukuta na udongo vimelowa, hiyo 0.02 inashuka zaidi. Saa 10 mpaka 11 ndiyo saa ya umande, na tuko katikati ya masika.

#50 Fundi Plaizi
Naungana na Mzee, lakini jikoni msipaache. 0.4 mchana ni ngapi alfajiri, na sufuria za ubuyu zimetoa mvuke jioni yote?

#51 Mrithi wa Sinza
Usiku wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Mama amelala mpaka saa moja. Wa tatu, saa 10:20, imeshuka.

Getini kumekatwa. Friji imechomolewa. Dereva bado yuko Mbeya. Jikoni breka ndogo niliizima mwenyewe kabla ya kulala.

#52 Buruburu Kona
Uwii.

#53 Dada Uniti
Basi breka feki. Nilisema #3.

#54 Fundi Plaizi
Kuzima breka ndogo ya jikoni hakuondoi nyutro ya jikoni, tumeshaongea #19. Mwite yule kijana aitoe kwenye baa, ulale hivyo siku tano. Na hiyo breka aipime kwa kifaa, aone inashukia ngapi. Ikishukia 12 Dada ana haki yake.

#55 Mrithi wa Sinza
Sawa. Kijana yuko saiti Kibaha mpaka mwisho wa mwezi. Mke wangu ameagiza barafu ya kununua. Mama ameomba apewe kile kiroba akiweke chumbani kwake, anasema nitakitupa.

#56 Mama Njiti (Agosti)
Mleta uzi, mrejesho? Nimekuja kusoma tena habari za samaki nikakuta umetuacha njiani.

#57 Mrithi wa Sinza
Samahani dada, mambo yalikuwa mengi. Haijashuka tangu Juni mwanzoni. Nyutro ya jikoni ilitolewa siku tatu tu, ubuyu ukatulazimisha kuirudisha. Breka ilipimwa ikasoma 21. Dereva amehama, aliyeingia analala mpaka saa mbili. Mvua zimekatika. Sijui ni lipi kati ya hayo.

#58 Testa Butu
Vuli ni Oktoba mkuu. Nahifadhi kiti.